Kitambaa cha Malindi, Harusi ya Mazinde

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau majina ya wajukuu wangu, na siku hizi nayachanganya kweli, yenyewe haitanitoka. Ni siku Mjomba Hosea aliporudi kutoka Tanga na kifurushi kwapani, akapita shambani bila kusalimiana na mtu, akaingia moja kwa moja nyumbani kwa mama yangu na kukiweka kifurushi kile juu ya kitanda.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya suti unayotaka kuvaa siku ya harusi yako, ile ya buluu inayong'aa kama mgongo wa mbawakawa, ukaniuliza, "Babu, unaonaje?" Nikakujibu, "Ngoja nifikirie." Ukacheka, ukadhani mzee amekwepa swali. Sikukwepa. Mawazo yangu yalikuwa yamesharudi nyuma, kwenye miaka ile ya uhaba, nilipokuwa kijana kama wewe na nina mchumba kama wewe. Keti basi. Ukungu wa hapa Malindi yetu ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, ukishashuka hivi hauondoki upesi, na chai bado ipo.

Mjomba Hosea alikuwa kaka yake mama. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, sijaota hata meno ya ukubwani, na tangu siku hiyo Mjomba ndiye aliyenilea. Alikuwa na mabinti zake na shamba lake la kabichi na miti michache ya plamu, lakini kila alichokipata alikigawa kama vile nyumba zetu mbili ni moja. Hakuwa mtu wa maneno. Akikusifia alisema, "Haya." Akikukemea alisema, "Haya," vilevile, ila kwa sauti ya chini zaidi. Ilibidi umjue ndipo utofautishe.

Na nguo? Alikuwa na koti moja kuukuu la mvua, limefubaa hata hujui lilianza na rangi gani. Alilivaa shambani, akalivaa kanisani, akalivaa kwenye harusi za watoto wa wenzake. Watu wa hapa walitania kwamba Hosea alizaliwa nalo. Yeye alitabasamu tu.

Basi siku hiyo alikifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha sufu, cheusi chenye ubuluu kwa mbali, kizito, kimekunjwa vizuri. Mwanangu, wewe umezaliwa wakati maduka yamejaa, huwezi kujua. Miaka ile kupata hata khanga ilikuwa kazi. Watu walipanga foleni bila kujua wanapanga foleni ya nini. Kitambaa cha suti, tena cha sufu halisi, kilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mama alikigusa kwa ncha za vidole, kisha akakigusa kwa kiganja, kisha akakaa kitandani akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Ni cha Zefania," Mjomba akasema. Zefania ni mimi. "Mtoto wa dada yangu hatasimama mbele ya mchungaji kama yatima."

Akatoka, akaenda kupalilia kabichi.

Nami nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Nilijiviringisha kile kitambaa mabegani, nikajitazama kwenye kipande cha kioo, nikajiona bwana mkubwa. Kesho yake asubuhi nilishuka nacho Lushoto mjini, kwa fundi cherehani mmoja wa makamo aliyeitwa Athumani, ambaye alishona suti za walimu na makarani wengi wa wakati ule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Alikitandaza mezani, akakisifia sana, akaniuliza habari za bibi harusi. Nikamwambia anaitwa Tabitha, anasomea uuguzi Bumbuli, ni mtoto wa Mzee Yakobo wa Mazinde.

"Kwa hiyo harusi itakuwa wapi?"

"Huko huko kwao, Mazinde. Baada ya Pasaka."

Fundi akaacha utepe wake shingoni. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mwanangu, hiki ni kitambaa cha Malindi," akasema. "Huko kwenu juu utakivaa na utamshukuru Mungu. Mazinde utaiva. Wewe ndiye mwenye kitambaa, ukiniambia kata nitakata. Lakini nikishakata, hakirudi."

Unaijua Mazinde. Ukishuka mlima kupitia Soni hadi Mombo, unaanza kuvua sweta njiani. Ukifika chini barabarani, joto linakupokea usoni kama mvuke wa sufuria. Na kanisa la kwa akina Tabitha siku zile lilikuwa la bati tupu, dari haina, madirisha madogo. Nilikuwa nimeshasali mle mara kadhaa nikiwa na shati jepesi, na bado lilinigandia mgongoni. Nikajifikiria mle ndani na suti ya sufu yenye bitana, shati na tai, ibada ndefu, nyimbo za kwaya tatu.

Nikakikunja kitambaa nikapanda nacho tena mlimani, hakijaguswa na mkasi.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Kujua kwamba kitambaa hakifai hakukunipa shida. Nitamwambiaje Mjomba? Mtu aliyenisomesha, aliyeninunulia viatu kabla ya mabinti zake, amezunguka Tanga nzima katika uhaba ule akaniletea kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kushika, na mimi nimwambie hakifai? Nilipanga kunyamaza. Nilijisemea kwamba siku moja haiui, nitavumilia, nitatoka jasho, yataisha. Siku zikapita. Mjomba akikutana nami ananiuliza, "Fundi ameanza?" nami namjibu, "Bado ana kazi nyingi." Jibu hilo lilikuwa chungu mdomoni kila nilipolitoa.

Mama ndiye aliyeniona. Mama zetu, mwanangu, huona hata usichokileta mezani. Tulikuwa jikoni, anasonga ugali, akaniuliza bila kugeuka kwa nini kitambaa bado kiko chini ya godoro langu. Nikamweleza yote, pamoja na mpango wangu wa kuvumilia. Nilitegemea anisifu kwa heshima yangu.

Akaweka mwiko chini.

"Unamheshimu mjomba wako au unamwogopa?" akaniuliza.

"Namheshimu, mama."

"Hapana. Anayeogopa huficha. Anayeheshimu husema, ila husema kwa adabu, akiwa amekaa chini. Siku ya harusi Hosea atakuona unalowa jasho mbele za watu, na atajua ni kwa sababu ya zawadi yake, na atajua kwamba ulijua. Hiyo ndiyo heshima unayomwandalia?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi husema hivyo kwa wagonjwa wanaoficha maradhi. Lakini nakwambia hata upendo ukifichwa ukweli hauzai kitu.

Asubuhi iliyofuata nikaenda shambani kwa Mjomba. Nilimkuta ameinama kwenye matuta, lile koti lake la mvua limelowa umande.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

Nilikaa chini kwenye tuta, kama mama alivyonielekeza. Nikamwambia kuhusu kanisa la bati, joto la Mazinde, na maneno ya fundi. Nikamwambia kwamba kitambaa ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kukiona, na kwamba nimekaa nacho siku zote hizi kwa kuogopa kumuumiza. Nilisema kila kitu, hata sehemu ambazo sikuzipanga.

Mjomba hakusema "Haya." Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akapalilia tuta la pili kuja upande wangu. Alipofika nilipo, alisimamisha jembe akaliegemea.

"Siku tulipombeba baba yako," akaanza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akiitaja siku ile, "ulikuwa msimu wa baridi, mwezi wa saba. Alikuwa na kichomi. Tulimweka kwenye machela tukampeleka Lushoto kwa miguu, na mvua ile ya ukungu inatunyeshea. Tulimfunika gunia. Hatukuwa na kingine. Njia nzima alikuwa ananiambia, 'Shemeji, baridi.' Nami sikuwa na cha kumpa."

Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Mle dukani Tanga, nilipokishika kile kitambaa, sikufikiria harusi, Zefania. Wala sikufikiria Mazinde. Nilisikia uzito wake mkononi, nikasema, huyu mtoto hatasikia baridi kamwe."

Mwanangu, nilikuwa kijana mkubwa, natafuta kuoa. Nililia pale kwenye matuta ya kabichi kama mtoto. Mjomba akaketi kando yangu, matope na yote, akaniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa darasa la kwanza.

"Mjomba," nikamwambia nilipoweza kusema, "baridi ulishaniondolea zamani. Mwenye baridi ni wewe. Kila mtu hapa analijua hilo koti lako."

"Mimi?" akashangaa kweli. "Mimi nimelizoea."

"Kitambaa hiki kishonwe suti yako. Baada ya harusi ya Mazinde tutamleta Tabitha hapa nyumbani, kwenye ukungu wetu. Siku hiyo wewe ndiye utakayempokea badala ya baba. Utampokea na koti la mvua?"

Alikataa. Alikataa siku hiyo na siku iliyofuata, mpaka mama yangu akaenda kwake mwenyewe. Sijui dada alimwambia kaka nini. Waliongea Kishambaa nyuma ya nyumba, sauti za chini, na mara moja nikawasikia wanacheka. Mjomba akatoka akaniambia, "Haya," nami nikaitambua kuwa ni ile ya kwanza, ya kusifia.

Lakini mimi nilibaki sina suti. Mjomba akasema tusitafute kitambaa Lushoto kwenye ubaridi, tukitafute huko huko chini, kwa sababu mtu ananunua jembe akiwa amesimama kwenye udongo atakaoulima. Basi tukashuka Mombo. Duka tulilopata lilikuwa na vitambaa viwili tu vya suti, uhaba ndio huo. Kimoja kilikuwa cha rangi ya kahawia, kinang'aa, kinateleza mkononi kama samaki. Nikakipenda papo hapo. Kingine kilikuwa cha kijivu, hakina mng'ao wowote, pamba iliyochanganywa na nyuzi kidogo za kiwandani za tetroni. Nilipokiona cha kijivu niliona sare ya karani.

Mjomba hakubishana nami. Alimwomba mwenye duka ruhusa, akanifunga kile cha kahawia mkono wa kushoto, kuanzia kwapani mpaka kwenye kiwiko, na cha kijivu akanifunga mkono wa kulia. Kisha akasema, "Kasimame pale nje juani mpaka nimalize soda yangu."

Nikasimama. Wapita njia walinicheka, wengine wakaniuliza kama nimevunjika mikono yote miwili. Na Mjomba, nakwambia, sijawahi kuona mtu akinywa soda polepole namna ile. Alipomaliza akaja, akafungua vitambaa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelowa chepechepe, ngozi imetoka vipele vya joto na inawasha. Wa kulia ulikuwa na jasho kidogo, mkavu karibu wote. Halafu akakifinyanga kila kitambaa ndani ya ngumi yake kubwa, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Vyote viwili vilijinyoosha, ila cha kijivu kilibaki na mikunjo midogo ya hapa na pale.

"Hiki kitakunjamana kidogo ukikaa," akasema. "Kinakunjamana kama kitu chenye uhai. Hicho kingine kitabaki laini, wewe ndiye utakayekunjamana ndani yake. Chagua."

Nikachagua cha kijivu. Nilikichagua kwa shingo upande, sitakudanganya. Fundi Athumani alikishona vizuri, akaweka bitana nusu tu, mabegani na kifuani, mgongo akauacha upumue.

Harusi ikafika. Mazinde ilikuwa imenyeshewa usiku, na asubuhi jua likatoka, hewa ikawa nzito. Mle kanisani wanaume walijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Shemeji yangu mmoja aliyevaa suti ya kung'aa alitoka nje mara mbili kabla ya mahubiri. Mimi nilitoka jasho la kawaida la bwana harusi. Na nitakwambia kitu kimoja ambacho watu hawakisemi wanapozungumzia suti: nilimsikia Tabitha. Alipoulizwa kama ananikubali, sauti yake ilikuwa ndogo sana, na ilitetemeka kwenye neno "ndiyo". Kama ningekuwa ndani ya ile sufu, akili yangu yote ingekuwa kwenye jasho linaloingia machoni. Neno lile moja ningelikosa. Nimeishi nalo mpaka leo, hata sasa bibi yako ametutangulia, bado nalisikia likitetemeka.

Jumamosi iliyofuata tukampandisha huku Malindi. Ukungu ulikuwa mzito, huoni mti wa pili. Mimi nilivaa sweta ndani ya koti langu jepesi na bado nikatetemeka. Kila kitu na mahali pake. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani wanaimba. Mlango wa nyumba ya Mjomba ukafunguliwa, akatoka.

Nyimbo zikapungua, kisha zikakoma kabisa. Hatukuwahi kujua kwamba Hosea ni mtu mrefu. Koti la mvua lilikuwa limemkunja miaka yote ile, na sasa suti ya sufu ilimkaa mabegani, nyeusi, imetulia, na yeye akasimama wima kama mvule. Bibi mmoja mzee akasema kwa sauti, kwa Kishambaa, kwamba huyu sasa ndiye mwenye nyumba.

Tabitha akapiga goti. "Shikamoo, baba mkwe."

Mjomba hakuitikia. Alikuwa anautazama mkono wa koti lake, anapitisha kidole kwenye upindo wake, kama mtu asiyeamini kwamba huo ni mkono wake. Mama ikabidi amguse ubavuni.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu," akashtuka, na watu wote wakaangua kicheko, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Sijawahi, kabla ya hapo, kuona meno yote ya Mjomba Hosea. Jioni nzima alikataa kukaa, akisema hataki kuikunja. Alizunguka kwa wageni mmoja mmoja, anawasalimia watu aliowasalimia asubuhi ile ile, na kila aliyemshika mkono alimwambia, "Gusa. Gusa uone. Joto."

Aliivaa suti ile miaka mingi sana, Krismasi, ubatizo, na misiba, mpaka viwiko vikaisha.

Sasa, mwanangu, swali lako. Watu husema mchagua jembe si mkulima, na ni kweli. Lakini anayevaa bila kuchagua huvalishwa na macho ya wengine. Kabla hujauliza rangi, uliza utasimama wapi, mwezi gani, kwa muda gani, na chini ya paa gani. Wewe harusi yako ni Tanga mjini, nawe umekulia kwenye baridi hii, basi jihadhari mara mbili. Usinunue kwa picha. Simu haina joto wala jasho. Nenda ukakishike, ukifinye, ukipeleke mlangoni penye mwanga wa jua, maana taa za dukani hupaka vitu uzuri ambao si wao. Kiweke shingoni kwako, si kwenye kiganja, kwa sababu viganja vyetu sisi wa jembe vimekufa ganzi lakini shingo husema kweli. Uliza na bitana, wengi husahau. Ukivaa kitambaa kinachopumua juu ya bitana ya nailoni ni sawa na kujenga nyumba yenye madirisha na kuyaziba kwa matofali. Sufu nyepesi ipo siku hizi, inafaa hata pwani, itafute. Na uchague kitu utakachoweza kukivaa tena siku unapomzika rafiki na siku unapombatiza mtoto, kwa sababu maisha yako hayatakuwa harusi tu. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na vingine hata si kitambaa.

Lakini hayo hata fundi atakwambia. Mimi nakwambia hili: atakapotokea mtu anayekupenda akakuletea zawadi isiyokufaa, na atatokea, huenda ni mama yako, huenda ni huyo binti unayemwoa, usiitupe na usiivumilie kimyakimya. Keti chini, mwambie ukweli kwa adabu, kisha nyamaza umsikilize. Nyuma ya kila zawadi iliyokosea kipimo kuna jambo ambalo mwenye kuitoa hajawahi kulisema. Ukinyamaza utaipata zawadi na utalikosa jambo lenyewe. Na wewe nawe, ukimpa mtu kitu, muulize kwanza ana baridi au ana joto.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akuvike heshima isiyopauka. Siku utakayosimama na mwenzako, mwili wako uwe mwepesi na masikio yako yawe wazi, usikose neno lake hata moja. Akupe nyumba yenye watu wa kukwambia ukweli, na moyo wa kukaa chini ukausikia. Amina.

Haya.

Umeisikia hiyo? Ni ile ya kwanza.